UZI: Katuni nzuri za kusoma mtandaoni. Mfuate mchoraji, achana na orodha za "bora kumi"

Mwana Ngamiani (mtoa mada)

Wakuu, salaam aleykum na habari za jioni.

Hapa Tanga nikikaa na vijana naona karibu kila mmoja ameshamaliza All of Us Are Dead, na majina ya wale wanafunzi anayo kichwani. Ukimuuliza ilitoka wapi, kimya. Ile ilianza kama katuni ya kusomwa mtandaoni. Joo Dong-geun aliichora Korea Kusini kuanzia 2009 hadi 2011, Netflix wakaja kuitoa Januari 2022. Sweet Home ni hivyohivyo: Kim Carnby aliandika, Hwang Young-chan akachora, wakaianza 2017 na kuifunga 2020, na Desemba ya mwaka huohuo tamthilia ikatoka. Itaewon Class, True Beauty, Misaeng, zote zilisomwa kwenye simu kabla hazijafika kwenye luninga.

Sasa mtu ana simu, ana hamu ya hadithi, lakini usiku kucha anapitia status za watu. Na huko mtandaoni kumejaa hadithi za picha, bure na kwa halali, nyingine zimechorwa na mtu mmoja kwa miaka na miaka. Nimeleta uzi huu tuelekezane.

Shauri langu ni moja na nitalishikilia: usianze na orodha, mfuate mchoraji. Ukiandika "katuni bora" kwenye Google zitakuja orodha ishirini, na zote zimenakiliana. Tafuta kazi moja tu iliyokushika, kisha ingia kwenye tovuti ya aliyeichora uone anawataja wenzake gani. Wengi wao huweka linki za kazi wanazozisoma wao wenyewe. Mchoraji anajua mkono uliokomaa na mkono unaobahatisha, hawezi kukupeleka pabaya. Kutoka kwa huyo unapata wengine watatu, na huko tena wengine.

Jambo la pili ambalo ni mtoto wa hilo la kwanza: kwa kuanzia, chagua hadithi iliyokwisha. Hadithi inayoendelea inatoka ukurasa mmoja au sura moja kwa wiki, na msomaji mgeni anachoka kungoja kabla hajanogewa.

Kwa hiyo nafungua na Digger ya Ursula Vernon, Mmarekani. Ilitoka kidogo kidogo kuanzia 2003 hadi 2011, nyeusi na nyeupe mwanzo hadi mwisho, na 2012 ikapata tuzo ya Hugo upande wa hadithi za michoro. Mhusika mkuu ni wombat, mnyama wa Australia, mfupi, mnene, mchimbaji mashimo. Huyu ndiye Digger mwenyewe, ni wa kike na kazi yake ni uhandisi wa mahandaki. Mambo ya miungu na uchawi hana habari nayo, anachoamini ni mawe, nguzo na hesabu. Siku moja anachimba, hewa mbaya ya chini inamlevya, anapoteza mwelekeo, na anapotoboa juu anajikuta ndani ya hekalu, mbele ya sanamu ya Ganesh, yule mungu wa Kihindu mwenye kichwa cha tembo, na sanamu inamsemesha. Sisi wa Tanga tumekua jirani na mahekalu ya Wahindi, picha hiyo si ngeni kwetu.

Kilichonifunga kwenye Digger ni fisi. Katika ngano tulizosimuliwa na bibi zetu fisi ni mlafi na mjinga, mwisho wa hadithi anapigwa. Kwa Vernon fisi ni watu kamili. Wana kabila, wana sheria, wanawake ndio wenye amri kama walivyo fisi wa kweli porini. Yumo mmoja aliyefukuzwa na wenzake, na adhabu yake ni kwamba jina lake limefutwa, hakuna anayeruhusiwa kuwa nalo wala kumtaja. Anakaa pangoni peke yake, anachora ukutani. Digger anapokutana naye anampa jina fupi tu, Ed, ili apate namna ya kumwita. Tazameni uso wa fisi huyo katika kurasa zile. Vernon hakutumia rangi wala mbwembwe, ni mikwaruzo ya mwanga juu ya weusi, lakini macho ya mtu ambaye hajaitwa jina kwa miaka yanaonekana.

Isomeni, kisha mje hapa tuzungumze.

Siti ya Mbele

Naweka kambi hapa. Ngoja wajuzi waje.

Kijana wa Pongwe

Mtoa mada asante kwa madini. Mimi tatizo langu ni bando. Nilijaribu zile za Kikorea za rangi, sura mbili tatu MB zimekata. Zipo ambazo mtu wa vocha ndogo anaweza kusoma?

Mwana Ngamiani

Mkuu wa Pongwe, umegusa penyewe. Zile za Kikorea kila sura ni mkanda mrefu wa picha za rangi, lazima zile MB. Kwa bando dogo nenda xkcd ya Randall Munroe. Huyu alikuwa akifanya kazi za roboti NASA, akaanza kuweka michoro yake mtandaoni 2005, na hutoa mpya Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Watu wake ni vijiti tu, duara la kichwa na mistari ya mikono na miguu, hata macho hawana. Picha ni ndogo, inafunguka hata mtandao ukiwa unasuasua. Ndani yake kuna hesabu, fizikia, mapenzi, kompyuta. Mwanafunzi wa sayansi ataipenda, na asiye wa sayansi asikate tamaa, apite zile asizozielewa.

Usiache kusoma maneno yaliyofichwa. Kila picha ya xkcd ina sentensi ya ziada inayotokea ukiweka kishale cha kompyuta juu yake, na kwenye simu iko tovuti yao ya simu yenye kitufe cha kuionyesha. Mara nyingi utamu wenyewe uko hapo.

Na kuna moja ambayo mtu wa pwani lazima aione, inaitwa Time. Machi 2013 Munroe aliweka picha moja: watu wawili wamekaa mchangani ufukweni. Basi. Baada ya nusu saa picha ikabadilika kidogo. Ikabadilika tena. Baadaye ikawa kila saa moja. Wale wawili wakaanza kujenga kasri la mchanga, wakawa wanatazama maji, wakaona bahari haina tabia yake ya kawaida. Iliendelea hivyo usiku na mchana mpaka Julai, picha 3,099 kwa jumla, na watu dunia nzima wakiamka kuangalia kimebadilika nini. Mwaka uliofuata ikachukua Hugo. Siku hizi wapo wasomaji waliozikusanya zote, unabonyeza tu zinakwenda. Sisi tuliokulia Raskazone tukicheza na mchanga maji yakijaa, ile hofu ya kuona maji yanapanda na huelewi kwa nini inaingia moja kwa moja. Mwisho wake sisemi.

Otaku wa Makorora

Mtoa mada nakuheshimu, ila hapo kwenye kuachana na orodha mimi napinga kidogo. Wengi wetu tumeingia kupitia programu. Mimi mlango wangu ulikuwa MANGA Plus ya Shueisha, wale wachapishaji wa Kijapani, ilianza 2019. Sura za kwanza na sura za karibuni unasoma bila kulipa, na inatoka siku moja na Japani. Sura mpya za jarida lao kubwa, Weekly Shonen Jump, zinafunguka Jumapili saa kumi na mbili jioni kwa saa za kwetu. Hapa mtaani Jumapili jioni kuna kundi letu, wiki yenye One Piece mpya hakuna anayepokea simu. Kitu kimeanza 1997 na mchoraji wake Oda bado anachora!

Na WEBTOON pia. Ile ni ya Naver wa Korea, kwao ilianza 2004, toleo la Kiingereza likaja 2014. Ukiingia tu unaona zinazosomwa zaidi, unachagua. Sasa mtu mgeni asiyemjua mchoraji hata mmoja, aanzie wapi kama si hapo?

Mwana Ngamiani

Otaku, hoja yako ina uzito, na MANGA Plus naiunga mkono asilimia mia kwa sababu nitakayoitaja chini. Programu ni mlango mzuri. Ninachokataa ni mtu kubaki mlangoni. Ukurasa wa mbele wa programu unakuonyesha zile zinazosomwa na wengi, nao wanazisoma kwa sababu ziko ukurasa wa mbele. Ndiyo maana ukiingia leo utakuta hadithi kumi za mtu aliyekufa akazaliwa upya kwenye mwili wa binti mfalme. Moja tamu. Ya kumi je?

Fanya hivi. Umependa Sweet Home? Tafuta Bastard, ni ya Kim na Hwang walewale, waliifanya 2014 hadi 2016 kabla ya Sweet Home. Ni kijana anayeishi nyumba moja na baba anayeheshimiwa na watu wote, na yeye peke yake ndiye anayejua kwamba baba ni muuaji. Hakuna majini humo, ni baba na mtoto mezani, na inatisha kuliko Sweet Home. Sijawahi kuiona juu kabisa kwenye orodha yoyote niliyoletewa. Niliipata kwa kufuata majina yao tu.

Sababu ya kuunga mkono MANGA Plus ni uhalali. Zipo tovuti nyingi zinazoweka sura za watu bila ruhusa, zimejaa matangazo ya kamari na ya utupu, ukigusa pembeni simu inakupeleka usikotaka. Achaneni nazo. Mchoraji wa katuni anachora ukurasa kwa saa nyingi mno, akiibiwa msomaji ameibiwa chakula.

Na kwa wale wanaosema WEBTOON imefunga sura: hadithi nyingi zilizokwisha zina utaratibu wa kufungua sura moja kwa siku bila malipo. Weka tatu nne kwa pamoja, kila siku unapata sura moja ya kila hadithi.

Mama Wawili, Chumbageni

Jamani mimi ni mzazi. Mwanangu wa darasa la sita anaipenda sana michoro, simu yangu haikai. Nimesoma huko juu damu na wauaji. Kuna cha mtoto?

Mwana Ngamiani

Dada yangu, kipo, na ndicho ninachokipenda kuliko vyote nilivyovitaja. Pepper&Carrot ya David Revoy, Mfaransa. Pepper ni mchawi mdogo wa kike anayejifunza kutengeneza dawa za uchawi, Carrot ni paka wake wa rangi ya chungwa ambaye kila dawa ikiharibika ndiye anayepata tabu. Alianza 2014. Kila sehemu ni hadithi fupi iliyojitosheleza, kurasa chache, rangi zake utadhani mtu kaketi na brashi. Hakuna matusi wala utupu.

Mkimaliza kuisoma na mwanao, mwonyeshe jinsi inavyotengenezwa. Revoy anachora kwa Krita, programu ya bure ambayo mtu yeyote anaweza kuiweka kwenye kompyuta, na mafaili yake yote ya michoro ameyaweka wazi. Leseni yake inaruhusu mtu yeyote kuitafsiri, kuichapisha, hata kuiuza, mradi amtaje aliyeichora. Anaishi kwa michango ya wasomaji, wanaompa kidogo kidogo kila sehemu mpya inapotoka, na mwisho wa sehemu kuna shukrani kwao. Watu wa kujitolea wameshaitia katika lugha zaidi ya hamsini.

Kama mwanao Kiingereza bado kinamsumbua, msomeeni pamoja, wewe unamweleza kwa Kiswahili yeye anafuata picha. Sehemu kadhaa zina maneno machache sana.

Kwenye WEBTOON usimwache peke yake, humo kuna za kila umri.

Mama Wawili, Chumbageni

Asante sana kaka, Mungu akuweke. Leo baada ya madrasa tunaanza.

Mzee wa Barabara ya Kumi na Mbili

Vijana, nawasoma kimya. Mnasema kama katuni zimeanza na hizo simu. Sisi tulikuwa na jarida la Sani. Kina Lodi Lofa, Kipepe, Madenge, Ndumilakuwili, Pimbi. Toleo moja lilizunguka mtaa mzima, kwa kinyozi, kwa fundi cherehani, linarudi halina jalada. Kisha akaja James Gayo na katuni yake ya Kingo. Nauliza: hizo za kwenu za mtandaoni, za Kiafrika ziko wapi? Za Kiswahili ziko wapi?

Mwana Ngamiani

Shikamoo mzee wangu. Swali lako ndilo zito kuliko yote humu, nalijibu kwa nilichonacho.

Kwa katuni za siasa tuna watu wa kujivunia. Gado, yaani Godfrey Mwampembwa, ni wa kwetu, kazaliwa Dar es Salaam 1969, na tangu 1992 amekuwa akichora kwenye magazeti ya Kenya. Tovuti yake ina hazina ya michoro ya miaka mingi, mtu anaweza kujifunza historia ya Afrika Mashariki humo. Masoud Kipanya kila Mtanzania mwenye simu ameshawahi kutumiwa katuni yake, hata asiyemjua jina. Yule kipanya akisimama pembeni na neno lake moja, gazeti zima limeshasemwa. Lakini hizo ni picha moja moja. Hadithi ndefu ya kufuata wiki hadi wiki ni kitu kingine.

Kwa hadithi ndefu, Kenya kuna Shujaaz, ilianza 2010, ya kijana DJ Boyie anayeendesha redio ya siri chumbani kwake. Ilitolewa bure na lugha yake ni Sheng, na 2012 ikapata tuzo ya Emmy ya kimataifa. Baadaye ikaja na huku Tanzania. Nigeria wapo Comic Republic wa Lagos, walianza 2013 kwa kuweka matoleo yao mtandaoni watu wasome bure, mashujaa wenye nguvu za ajabu lakini mitaa na majina ni ya Kinaijeria.

Za Kiswahili za mtindo huo, mzee, bado ni chache kulinganisha na njaa tuliyonayo, na hilo linaniuma. Sani ilionyesha kwamba Mtanzania akipewa hadithi ya picha kwa lugha yake anaisoma mpaka karatasi inachanika. Wasomaji wapo. Wachoraji wapo pia, pale TaSUBa Bagamoyo watu wanasomea sanaa, na hapa Tanga ukipita nyuma ya bajaji na daladala unaona mikono ilivyo hodari.

Mzee wa Barabara ya Kumi na Mbili

Marahaba. Nimekuelewa. Nitamtuma mjukuu anifungulie hiyo ya Gado.

Dada wa Raskazone

Naomba niongeze moja kwa wapenda hadithi za kutisha. His Face All Red ya Emily Carroll, Mkanada. Aliiweka mtandaoni 31 Oktoba 2010, ni fupi, unaimaliza kabla chai haijapoa. Mtu anakueleza kwamba yule anayesifiwa kijijini si ndugu yake, kwa sababu ndugu yake yeye mwenyewe alimuua msituni. Na bado ndugu karudi, mzima, anacheka na watu, koti lake halina hata tone.

Nataka mwangalie alivyoutumia ukurasa. Picha zimekaa katikati ya weusi. Msimulizi anapoamua kushuka kwenye shimo la msituni kuhakikisha, ukurasa nao unakwenda chini pamoja naye, kidole chako ndicho kinachomshusha. Kwenye kitabu haiwezekani kufanya vile. Msiisome usiku kama mnalala peke yenu.

Mwana Ngamiani

Dada, hii umetutendea haki. Na umegusa jambo ambalo Scott McCloud, mchoraji Mmarekani anayeandika kuhusu katuni, aliliandika mwaka 2000, kwamba skrini si lazima iwe ukurasa, inaweza kuwa dirisha, na nyuma ya dirisha mchoro unaweza kuwa mkubwa kadiri mtu atakavyo. Wakorea wakalifanya kwa kwenda chini. Carroll akalifanya kwa woga. Munroe 2012 akaweka mchoro unaoitwa Click and Drag, unauburuta kushoto, kulia, juu, chini, unakutana na watu, mahandaki, minara, huufikii mwisho. Huo ufungue kwenye kompyuta, simu haiutendei haki.

Kalamu ya Usagara

Wakuu mimi nachora. Nina daftari limejaa, nina simu tu, kompyuta sina. Hadithi yangu ni ya wavuvi wa huku kwetu. Je, na mimi naweza kuiweka huko? Naogopa mkono wangu bado.

Mwana Ngamiani

Mdogo wangu, tafadhali weka. Nakujibu kwa urefu.

Kuhusu mkono: mwaka 2009 Mjapani mmoja anayejiita ONE alianza kuweka mtandaoni katuni iitwayo One-Punch Man. Michoro yake ilikuwa ya kukwaruza, mikono haina vipimo, kichwa kama yai. Lakini hadithi ilishika, wasomaji wakaongezeka, mpaka Yusuke Murata, mmoja wa wachoraji hodari kabisa wa Japani, akaomba kuichora upya, na toleo hilo likaanza 2012. ONE mwenyewe hakungoja mkono ukomae ndipo aanze.

Mwingine ni Ryan North wa Kanada, Dinosaur Comics. Tangu Februari 2003 anatumia picha zilezile sita. Zilezile! Dinosau yuleyule, kwenye picha ya tatu anakaribia kukanyaga kijumba kilekile, kinachobadilika ni maneno tu. Na watu wanarudi kusoma kwa sababu maneno yana akili.

Kuhusu simu: shusha ibisPaint, inachora vizuri hata kwa kidole, na kalamu za skrini za bei ndogo zipo madukani. WEBTOON wana sehemu inaitwa Canvas ambako mtu yeyote anafungua hadithi yake bila kuomba kazi. Vipimo vyao ni picha za upana wa pikseli 800 na urefu usiozidi 1,280, unazipanga moja chini ya nyingine. Maneno yaandike makubwa. Mtu atakusoma ndani ya daladala, mkono mmoja kashika bomba.

Andika kwa Kiswahili. Nitarudia: andika kwa Kiswahili. Na usiweke sura moja ukanyamaza miezi. Chora tatu kwanza uziweke akiba, kisha toa moja moja kwa siku maalumu, msomaji ajue siku yako.

Otaku wa Makorora

Nakazia. Kalamu, weka linki hapa ukianza, kundi letu zima tutakuja. Wavuvi wa Tanga hiyo nasoma hata kwa bando la kukopa.

Kalamu ya Usagara

Nimeshukuru sana kaka zangu. Sura ya kwanza ni usiku wa karabai, dagaa wanakuja kwenye mwanga, na taa inazima. Nitaichora upya kwa kwenda chini kama alivyosema Dada wa Raskazone, ili maji yafike mwisho wa ukurasa.

Dada wa Raskazone

Kalamu hiyo taa ikizima acha weusi mrefu kabla ya picha inayofuata. Usiogope kuacha mahali patupu.

Kijana wa Pongwe

Wakuu nimerudi. Digger nimeanza, nimefika pale kwa fisi, mtoa mada hukutia chumvi. Maswali mawili. Nikiwa safarini mtandao unakatika, nafanyaje? Na nikimaliza Digger niende wapi, maana naona nitaimaliza upesi.

Mwana Ngamiani

Karibu tena mkuu. Safari: kabla hujaondoka stendi ya Kange fungua kurasa kadhaa mapema ukiwa bado una mtandao mzuri, ziache wazi hivyohivyo. Kurasa za nyeusi na nyeupe zinafunguka haraka, na kwenye programu nyingine unaweza kushusha sura kabisa ukazisoma bila mtandao.

Baada ya Digger njia ni mbili kutegemea ulichokipenda.

Kama umependa wanyama waliopewa roho za watu, nenda Lackadaisy ya Tracy Butler. Wahusika wote ni paka, mji ni St. Louis wa Marekani, mwaka 1927, wakati pombe imepigwa marufuku na paka hawa wanaiuza kwa siri. Alianza 2006. Ukurasa mmoja wa Butler una kazi kubwa, kila nywele ya paka na kila kitasa cha gari la zamani. Rangi ni ya picha iliyochakaa sandukuni. Haijaisha na inakwenda polepole, lakini kila ukurasa unalipa.

Kama umependa zile sheria ngeni na siri zinazofunguka taratibu, nenda Gunnerkrigg Court ya Tom Siddell, Mwingereza. Ilianza Aprili 2005 na bado inatoka. Msichana anapelekwa shule ya bweni kubwa kama mji, na sura ya kwanza kabisa anagundua ana vivuli viwili, kimoja si chake. Kurasa za mwanzo mchoro ni wa kawaida sana, vichwa vikubwa, mistari minene. Usikate tamaa hapo. Endelea, utamwona Siddell anakua mbele ya macho yako mpaka ufike mahali unasimamisha kidole kutazama mawingu. Kalamu na wewe isome hii, uone mkono unavyokomaa hadharani.

Kwa mwenye Kiingereza kizuri na anayependa vichekesho vya mashine na wanasayansi vichaa, Girl Genius ya Phil na Kaja Foglio, ilishinda Hugo mara tatu mfululizo, 2009 hadi 2011. Ni ndefu mno, jipange.

Na ili usipitwe na kurasa mpya, nyingi ya tovuti hizi zina RSS. Shusha programu yoyote ya kusoma RSS, bandika anwani za katuni zako, kila asubuhi inakuletea kipya kilichotoka bila kuzunguka tovuti moja moja. Inasaidia na bando.

Kijana wa Pongwe

Naanza na paka.

Mama Wawili, Chumbageni

Mtoa mada nimekuja kutoa mrejesho. Tumesoma sehemu kadhaa za Pepper. Mwanangu sasa anauliza kwa nini maneno ya paka hayapo, na anataka tuweke ya Kiswahili. Umesema inaruhusiwa kutafsiri. Anaanzaje mtu asiyejua kompyuta sana?

Mwana Ngamiani

Dada, hili limenifurahisha. Revoy ametenganisha maneno na michoro. Mchoro uko faili moja, viputo vya maneno viko faili jingine la SVG, unalifungua kwa programu ya Inkscape ambayo pia ni ya bure, unafuta maneno ya Kiingereza unaandika ya kwako, mchoro hauguswi. Mafaili yapo Framagit, tovuti ya kuhifadhia kazi za wazi, na kwenye tovuti yake kuna maelezo ya watafsiri hatua kwa hatua. Kwanza angalieni pale kwenye orodha ya lugha Kiswahili kimefikia wapi, ili msirudie kazi ya mwingine.

Kabla ya kompyuta fanyeni na daftari. Mwanao aandike namba ya kila kiputo na maneno yake kwa Kiswahili, ukurasa kwa ukurasa. Ayasome kwa sauti. Yakiwa marefu kuliko kiputo, ayapunguze. Nani hapa Tanga ana kompyuta yenye Inkscape na nafasi Jumamosi mchana? Mimi nipo, Ngamiani.

Otaku wa Makorora

Kompyuta ipo kwangu, ya mezani, umeme ukiwepo. Jumamosi baada ya swala ya adhuhuri. Mama Wawili mje na daftari.